Papa aliacha kazi 1998, ugonjwa wa amianti umeonekana sasa: muda wa kudai umekwisha?

Swali la msomaji:

«Papa ana miaka 73. Kuanzia 1974 mpaka 1998 alifanya kazi katika karakana ya kampuni moja kubwa hapa Lubumbashi. Kazi yake ilikuwa kuvika mabomba ya mvuke: wanachanganya unga mweupe na maji, wanapaka kwa mikono, halafu wanafunga kitambaa juu. Mwezi wa nane 2023 alianza kukosa pumzi, tukampeleka kupigwa picha ya kifua. Akatibiwa kifua kikuu miezi sita, hakupona. Mwezi wa tatu 2025 daktari wa mapafu alitazama skana akasema ni asbestosi, ugonjwa wa amianti, yale madini yenye nyuzi yaliyokuwa katika unga ule. Mama ndiye aliyefua salopeti zake, nguo zake za kazi, miaka yote hiyo, naye sasa anakohoa. Avoka (wakili) mmoja alituambia sheria inatoa miaka mitatu baada ya kuacha kazi, kwa hiyo tulishindwa tangu 2001. Binamu yangu aliye Marekani anasema ni miaka miwili baada ya daktari kutamka ugonjwa, na kuna mtu anaomba dola 300 atuandikishe kwenye mifuko ya fidia ya huko. Shangazi aliye Liège anasema tudai Ubelgiji. Tumfuate nani? Muda umekwisha au bado?»

Jibu:

Dada yangu, pole kwa muzee, na pole kwa mama. Umepewa saa tatu tofauti za kuhesabia muda, na kila moja inasoma wakati wa nchi yake. Binamu yako hakudanganya, anasoma saa ya kwao. Shangazi naye hakudanganya. Anayenisumbua zaidi ni avoka wa hapa, maana yeye alipaswa kusoma saa yetu, na kwa maoni yangu aliisoma haraka.

Nianze na lile unalotaka kulisikia kwanza. Kwa jinsi ninavyoielewa sheria ya kazi ya Kongo, muda wa muzee haukwisha 2001, na leo bado haujakwisha. Lakini msilale mkisema mna nafasi mpaka mwezi wa tatu 2028. Tarehe ninayotaka muiandike ukutani ni mwezi wa nane 2026, na chanzo chake ni ile picha ya kwanza ya 2023. Nitaeleza.

Kila nchi inaweka ukomo wa kudai, ule ambao wanasheria wetu wanauita preskripsio, na sababu zake si mbaya. Karatasi zinaliwa na mchwa, mashahidi wanakufa, wasimamizi wanahama, na mtu anayeshtakiwa naye ana haki ya kujua kwamba siku moja mambo yataisha. Kwa mguu uliovunjika kazini hesabu hii haina shida: mguu umevunjika Jumanne, Jumanne hiyo hiyo unajua. Amianti haifanyi hivyo. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko kitu chochote ambacho jicho linaweza kuona. Zinaingia mpaka chini kabisa ya pafu, na chembe za mwili zinazofanya kazi ya kusafisha zinashindwa kuzimeng'enya. Zinabaki pale. Mwili unapigana nazo polepole, na mahali pa mapigano panageuka kovu, kovu juu ya kovu, mpaka pafu linakuwa gumu na pumzi inapungua. Asbestosi mara nyingi hujitokeza miaka 20 au zaidi baada ya mtu kuanza kuvuta vumbi hilo. Saratani ya utando wa mapafu, ile mezothelioma, inaweza kuchukua miaka 20 hadi 50. Kwa hiyo ukimwambia mvika mabomba wa 1974 kwamba alipaswa kudai kabla ya 2001, unamwambia alipaswa kudai ugonjwa ambao hata daktari hakuweza kuuona.

Sasa tusome sheria yenyewe. Kodi ya Kazi, yaani kitabu cha sheria za kazi cha Kongo, ile sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema katika kifungu cha 317 kwamba madai yanayotokana na kontra (mkataba) ya kazi yanafikia ukomo baada ya miaka mitatu tangu tukio lililozaa dai. Tangu tukio. Haikusema tangu kuacha kazi. Kifungu hicho hicho, kinapozungumzia mshahara, kinahesabu mwaka mmoja tangu siku ambayo mshahara ulipaswa kulipwa. Na kinapozungumzia gharama za safari na usafirishaji, kinahesabu tangu mwisho wa kontra. Yaani mtunga sheria alijua kabisa kusema «mwisho wa kontra» pale alipoutaka. Kwa mengine yote alichagua neno «tukio». Avoka wenu alichukua kipimo cha safari akapimia ugonjwa.

Basi tukio lililozaa dai la muzee ni lipi? Hapa niwe mkweli kwenu, maana ndipo kesi itakapopiganiwa. Upande wa kampuni utasema tukio ni kuvuta vumbi, na vumbi la mwisho alilivuta 1998. Sisi tutasema mtu hana dai mpaka apate madhara, na madhara hayajulikani mpaka yatokee na yapewe jina. Vumbi peke yake halikumpa muzee kitu cha kudai. Kilichompa dai ni pafu lililougua. Naamini usomaji wa pili ndio wenye haki, na ndio unaolingana na kanuni ya zamani ambayo kila mwanafunzi wa sheria amefundishwa kwa Kilatini: asiyeweza kudai, muda haumkimbilii. Lakini anayeamua ni jaji, na sitakuahidi neno la jaji.

Mahakama za kwingine zimekwisha kupita njia hii, na avoka mzuri atazitaja, si kwa sababu zinamfunga jaji wa Lubumbashi, bali kwa sababu hoja nzuri inasafiri. Mwaka 1949 Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza kesi ya Urie, mtu wa reli aliyefanya kazi miaka kama 30 akichochea moto kwenye treni za mvuke, akavuta vumbi la mchanga mpaka mapafu yakaharibika. Alianguka kazini 1940, akashtaki 1941. Kampuni ikasema vumbi lilianza zamani sana, muda umepita. Mahakama ikakataa: mtu hawezi kuadhibiwa kwa kutojua kitu ambacho hakuwa na njia ya kukijua. Karibu zaidi na amianti ni kesi ya Moor kule Uswisi. Huyu alikuwa fundi wa mitambo, alikutana na amianti mpaka miaka ya 1970, akaambiwa ana saratani ya utando wa mapafu Mei 2004, akafa mwaka uliofuata. Mahakama za Uswisi zilihesabu miaka 10 tangu alipovuta vumbi na kusema dai lilikufa kabla mwenye dai hajaugua. Tarehe 11 Machi 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema huko ni kumnyima mtu mlango wa mahakama, na tangu 2020 Uswisi imerefusha muda kwa madhara ya mwili. Hoja ya muzee wako ni ile ile: sheria isimtake mtu apige mbio kabla ya kujua kuwa kuna mashindano.

Sasa nirudi kwenye mwezi wa nane 2023.

Ikiwa saa inaanza pale ugonjwa unapojulikana, swali linalofuata ni kwamba ulijulikana lini. Wewe unasema mwezi wa tatu 2025, siku daktari alipotamka jina. Lakini mnayo bahasha ya 2023. Itoeni chini ya godoro au popote mlipoiweka, na msitazame picha peke yake, someni ile karatasi ndogo iliyo ndani, protokole ya mtu aliyeisoma picha. Nimeona karatasi za namna hiyo mara nyingi. Juu jina na umri, katikati mistari minne au mitano ya Kifaransa cha hospitali, chini sahihi na muhuri. Daktari wa zamu anasoma neno moja, anaandika dawa za kifua kikuu, na ile mistari mingine hakuna anayeieleza familia. Kama katika mistari hiyo kuna maneno «plaques pleurales» (mabaka ya kovu kwenye utando wa mapafu) au «fibrose» (kovu la pafu), kampuni itasema: mliambiwa 2023. Tutajibu kwamba kuandikwa kwenye karatasi si kuelezwa, na kwamba muzee alitibiwa ugonjwa mwingine kabisa. Ni jibu lenye nguvu. Lakini kwa nini tulete ubishi unaoweza kuepukwa? Mkitenda kabla ya mwezi wa nane 2026, mtakuwa ndani ya miaka mitatu kwa hesabu zote mbili, na ubishi huo utakufa wenyewe.

Na kutenda maana yake nini? Hapa ndipo familia nyingi zinapoteza haki, na nasema hivi kwa uchungu. Muda haukatwi kwa maneno. Nilikuwa na mteja, fundi wa zamani wa tanuru, mtu mpole sana. Kila mwisho wa mwezi alivaa koti lake akaenda ofisi ya wafanyakazi ya mwajiri wake wa zamani kuuliza juu ya mapafu yake. Walimpokea vizuri, wakampa kiti, wakamwambia arudi mwezi ujao. Alirudi miaka minne. Alipokuja kwangu hakuwa na karatasi hata moja, na upande wa pili ukasema hawakumbuki kama aliwahi kudai chochote. Hakukosea kuwaamini watu. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba sheria haioni viti alivyopewa.

Sheria inaona vitu vichache, navyo viko katika kifungu hicho hicho cha 317. Inaona kesi iliyofunguliwa mahakamani. Inaona hesabu iliyoandikwa kati ya mfanyakazi na mwajiri inayotaja kiasi kilichobaki bila kulipwa. Inaona dai la maandishi lililopelekwa kwa mwajiri kwa barua ya posta yenye uthibitisho wa kupokelewa, au lililowekwa mkononi mwake au mwa mwakilishi wake na yeye akatoa risiti. Na inaona malalamiko yaliyopelekwa mbele ya inspekta wa kazi, yule afisa wa serikali anayesimamia sheria za kazi. Hivyo ndivyo vinavyokata muda. Simu haikati. Ujumbe wa sauti haukati, wala ahadi ya mkubwa fulani mliyemkuta kwenye matanga.

Kwa hiyo hata kabla ya kupata avoka, andikeni barua. Iwe ya Kifaransa, ukurasa mmoja, lakini maana yake iwe hii: Mimi fulani, matrikile (namba yangu ya kazini) fulani, nilifanya kazi katika karakana yenu tangu 1974 mpaka 1998 kama mvika mabomba ya mvuke. Katika kazi hiyo nilishika na kuvuta vumbi la amianti. Tarehe fulani ya mwezi wa tatu 2025 daktari fulani alitamka kwamba nina asbestosi, nakala iko pamoja na barua hii. Nadai fidia kwa ugonjwa huu wa kazi, na ninahifadhi haki yangu ya kudai zaidi kama ugonjwa utazidi au mwingine utatokea. Basi. Msiandike matusi, msitaje kiasi cha fedha ambacho hamjakihesabu. Toeni nakala mbili. Moja inabaki kwao, nyingine mnarudi nayo ikiwa na jina la aliyepokea, tarehe, sahihi na muhuri. Sekretari akikataa kutia muhuri, msigombane naye, nendeni posta. Ile sentensi ya mwisho kuhusu ugonjwa kuzidi msiiache: mtu mwenye asbestosi ana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani baadaye, na sitaki siku hiyo mtu aseme mlikwisha kudai kila kitu.

Muzee anakumbuka matrikile yake, sina wasiwasi. Wazee wetu wa Katanga wanaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mtoto, matrikile hawaisahau.

Baada ya barua, inspekta wa kazi. Watu wengi wanataka kukimbilia mahakamani moja kwa moja, lakini Tribinale ya Kazi haipokei ugomvi wa mfanyakazi mmoja na mwajiri wake kama haujapita kwanza kwa inspekta kwa ajili ya upatanisho. Inspekta anaita pande zote mbili, anasikiliza, mwishoni anaandika hati: wamepatana, au wameshindwa kupatana. Hati ya kushindwa kupatana ndiyo ufunguo wa mahakama. Mkiipata, msiiweke kabatini, maana nayo inafungua muda mwingine. Siku hiyo hiyo iwe mikononi mwa avoka. Mkipatana, someni kila neno kabla muzee hajatia sahihi, hasa sentensi zinazosema anaachilia madai yote ya sasa na ya baadaye. Nimewahi kuona mzee anatia sahihi sentensi ya namna hiyo kwa bei ya magunia machache ya unga.

Utaniuliza juu ya karatasi ya hesabu ya mwisho aliyotia sahihi alipoondoka 1998, maana karibu kila mtu aliondoka na karatasi hiyo. Msiiogope kupita kiasi. Ilihesabu mishahara, likizo na mafao yaliyojulikana siku ile. Ugonjwa ambao haukuwa umeonekana haukuhesabiwa, na hoja yetu itakuwa kwamba mtu haachilii kitu asichojua kuwa anacho. Ileteni pamoja na nyingine.

Kuna njia ya pili ambayo hukuiuliza, na kwa familia nyingi ndiyo ya karibu zaidi: CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ile iliyokuwa INSS zamani. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ina tawi la hatari za kazi, yaani ajali na magonjwa ya kazi. Mchango wa tawi hilo, asilimia 1.5 ya mshahara, unalipwa na mwajiri peke yake. Uzuri wa njia hii ni kwamba hamhitaji kuonyesha kosa la mtu. Mnaonyesha ugonjwa, mnaonyesha kwamba unatokana na kazi. Ubaya wake ni kwamba malipo yana vipimo vyake na hayagusi kila madhara. Na muzee akituacha, Mungu apishe mbali, mjane ana haki zake katika tawi hilo, ndiyo maana dosie, yaani faili yake, ifunguliwe akiwa hai na anaweza kueleza kazi yake mwenyewe. Hata kama mwajiri hakulipa michango yake vizuri, pelekeni dai. Deni la mwajiri kwa CNSS lisiwe sababu ya nyinyi kujifungia mlango. Hapa pia muda unakimbia, kwa hiyo dai la CNSS na barua ya kampuni ziondoke wiki moja.

Mama, sasa. Moyo wangu uko kwake zaidi, kwa sababu katika kesi hizi wanawake wanasahaulika. Alikung'uta salopeti uani, akaziloweka, akazisugua, na vumbi lile lile lililomwingia mumewe likamwingia yeye. Madaktari wanalijua jambo hili tangu miaka ya 1960. Lakini mama hakuwa na kontra na kampuni, kwa hiyo kifungu cha 317 si chake, inspekta si njia yake, na kama madhara ni yake mwenyewe dosie ya mumewe haitayabeba. Njia yake ni sheria ya kawaida ya madhara, kifungu cha 258 cha Kodi Sivile (kitabu cha sheria za kiraia), kitabu cha tatu: aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima airekebishe. Huko ukomo wa kawaida ni miaka 30. Hata tukihesabu kwa ukali, tangu salopeti ya mwisho ya 1998, tunafika 2028. Kwa hiyo mama ana muda, lakini ana mzigo mzito kuliko muzee, maana lazima aonyeshe kosa: kwamba kampuni ilijua au ilipaswa kujua, na bado ikawaacha wafanyakazi wapeleke vumbi nyumbani. Na kabla ya yote hayo ana kazi moja tu, kupigwa picha ya kifua. Kikohozi peke yake si amianti. Kinaweza kuwa kifua kikuu, kinaweza kuwa moshi wa makaa, kinaweza kuwa moyo. Amwambie daktari sentensi hii kwa kinywa chake: «Nilifua nguo za amianti miaka 24.» Daktari asipoambiwa hawezi kukisia.

Kuhusu Marekani. Binamu yako anaishi katika nchi ambako kila jimbo lina muda wake: Texas miaka miwili, New York mitatu, California mwaka mmoja kwa hesabu yake maalumu. Saa hizo zinawahusu walioshtaki katika mahakama za huko. Haziwezi kumaliza haki ya muzee wako hapa, kwa hiyo ile hofu kwamba mkikosa miaka miwili mmekosa yote, iondoe. Mifuko ya fidia anayoizungumzia ipo kweli. Ilizaliwa baada ya kampuni kubwa za amianti kufilisika, maarufu zaidi ikiwa Johns-Manville iliyoomba ulinzi wa mahakama Agosti 1982. Lakini kila mfuko unalipa watu waliougua kwa bidhaa za kampuni yake. Utaulizwa: gunia lile la unga mweupe lilikuwa na jina gani? Bila jina la bidhaa na ushahidi kwamba ilikuwa katika karakana ile, hakuna mahali pa kuanzia. Na huyu mtu wa dola 300, mkimbieni. Mawakili wa Marekani wanaofanya kesi hizi kwa kawaida hawaombi mteja fedha mwanzoni. Wanachukua sehemu ya kile kitakachopatikana, na wasipopata hawachukui. Anayedai kulipwa kabla ya kuuliza hata jina la gunia hana anachokiandikisha.

Ubelgiji nako shangazi amesikia jambo la kweli. Kuna Mfuko wa Amianti, ulioundwa kwa sheria ya Desemba 2006, ukaanza kazi Aprili 2007, na unalipa hata watu ambao hawakuwa wafanyakazi, kama wake waliofua nguo na majirani wa viwanda. Ningependa sana tuwe na mfuko wa namna hiyo hapa Kongo. Lakini sharti lake ni kwamba mtu awe alikutana na amianti katika ardhi ya Ubelgiji. Vumbi la Lubumbashi halimo.

Je, kushtaki kampuni mama katika nchi yake kunawezekana? Wakati mwingine. Mwaka 2000 majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliruhusu maelfu ya Waafrika Kusini waliougua amianti kuishtaki Cape plc, kampuni mama ya migodi ya amianti, mjini London, na 2003 kesi hiyo ikaisha kwa makubaliano. Majirani zetu wa Chingola, Zambia, nao walipewa mlango London 2019 kwa habari ya maji yaliyochafuliwa. Lakini kesi hizo zilikuwa za watu wengi pamoja, zilichukua miaka, na zilibebwa na ofisi kubwa za mawakili. Mtu mmoja wa miaka 73 asiweke matumaini yake yote huko. Kama wenzake wa karakana nao wanaugua, hilo linabadilika, na ni sababu nzuri ya kuwatafuta.

Watafuteni kwa sababu nyingine pia. Ushahidi mkubwa wa kesi hii si karatasi, ni wazee watatu au wanne waliosimama pamoja na muzee mbele ya mabomba yale. Nani alileta magunia, yalikuwa na maandishi gani, je waliwahi kupewa kinga ya pua, daktari wa kampuni aliwapima mara ngapi. Nendeni mitaa yetu ya Makomeno, Katuba na Kenya, popote walipohamia, andikeni wanayoyasema, kila mmoja na karatasi yake, tarehe na sahihi yake. Msingoje kesi ifunguliwe. Mpelekeni hata yule anayesema hajambo akapigwe picha. Na kama kuna picha ya zamani ya kikundi karakanani, itazameni kwa makini nyuma ya watu, si watu tu: magunia mara nyingi yako nyuma.

Kuhusu afya, mimi si daktari, nitasema machache niliyojifunza kwa madaktari. Kovu la asbestosi halina dawa ya kulifuta, kwa hiyo msinunue chupa za mtu yeyote anayeahidi kusafisha mapafu. Kama muzee anavuta sigara, aache leo, kwa sababu amianti na sigara pamoja zinaongeza hatari ya saratani ya mapafu kuliko kila kimoja peke yake. Akianza kupungua uzito, kuumwa kifua upande mmoja, au pumzi kukata ghafla, msingoje miadi, nendeni hospitali ya Sendwe au Cliniques Universitaires siku hiyo hiyo. Na omba daktari wa mapafu aandike ripoti kamili, siyo neno «asbestosi» tu: aandike kazi ya muzee, miaka yake, alichokiona kwenye skana na kwa nini anaona kinatokana na amianti. Ripoti ya namna hiyo ina uzito kuliko hotuba yangu yoyote mahakamani.

Barua ya kwanza mnaweza kuiandika wenyewe. Lakini mpateni avoka ana kwa ana kabla ya kukaa mbele ya inspekta, kabla ya kutia sahihi makubaliano yoyote, na mara moja kama kampuni itajibu kwamba ilibadilika jina au ilinunuliwa na nyingine, maana hapo lazima kwanza ijulikane nani amerithi madeni. Kama hamna fedha, ulizeni barro, chama cha mawakili, juu ya ofisi yake ya ushauri wa bure. Ipo kwa ajili ya watu kama nyinyi. Mkienda, mchukue ile bahasha ya 2023 na ya 2025, kadi ya kazi, namba ya INSS, karatasi ya hesabu ya mwisho na nakala ya barua yenye muhuri. Toeni fotokopi za kila kitu kwanza, na za asili zirudi nyumbani pamoja nanyi. Na muzee mwenyewe aende, hata kama anatembea polepole. Kuna maswali juu ya unga ule mweupe ambayo wewe, dada yangu, huwezi kumjibia.